Kahawa ya Upande wa Chini

Baba alipofariki tuligawana shamba kwa kulikata katikati, kama mtu anavyokata mkate. Kaka, kwa kuwa ndiye mkubwa, alichagua kwanza. Akachagua juu. Nilicheka kimoyomoyo. Kule juu ukungu haukubali kuondoka asubuhi, mteremko ni mkali hata mbuzi anatembea kwa adabu, na ukisahau chumvi dukani utakula bila chumvi. Chini kuna barabara, kuna kijito, kuna jua la kutosha. Mibuni ya chini huzaa mapema, tena huzaa sana. Nyumba kuukuu ya baba, mashine yake ya kumenyea, tangi lake na ghala vyote vilikuwa juu, vikamwangukia kaka. Mimi nilijenga vyangu huku chini, vipya.

"Usicheke," mke wangu aliniambia. "Ndugu yako si mjinga."

"Sijasema ni mjinga. Nimesema ana bahati mbaya."

Haikupita misimu mingi nikajua bahati mbaya ilikuwa ya nani.

Enzi za baba hapakuwa na kahawa ya juu wala kahawa ya chini. Ya chini iliiva kwanza, tukaipandisha mabegani mpaka kwenye mashine, ikamenywa, ikaoshwa, ikaanikwa, ikakaa ghalani kungoja mwenzake. Ya juu ikafuata. Zote zikishakauka tulitandaza turubai, tukamwaga magunia yote pamoja, tukageuza kwa koleo la mbao mpaka lundo likawa na rangi moja. Mnunuzi alikuja, akachota kiganja, akanusa, akatia mkono mfukoni. Hakuuliza punje gani imetoka wapi. Ilikuwa kahawa ya mzee, basi.

Kisha ikaja kampuni mpya mjini. Hawa hawakutaka mchanganyiko. Walitaka kahawa ya shamba moja, tena ikiwezekana ya upande mmoja wa shamba, na kwenye mfuko waandike imetoka mlima gani, upande gani, kwenye baridi au kwenye joto. Kaka ndiye aliyeniletea habari hizo. Alikuja amevaa koti lake, jua kali, jasho linamtiririka.

"Wanasema wanywaji wao wanataka kuonja mahali," alisema.

"Mahali panaonjwa?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Basi walambe udongo, watuachie sisi kahawa yetu."

Alicheka, lakini alipeleka sampuli yake. Na mimi, kwa kuwa sikutaka apate kitu nisichokipata, nikapeleka yangu.

Aliyekuwa anawaonjea ni dada mmoja mwembamba, mpole, ambaye wakulima tulimbandika jina la Ulimi. Alilijua na hakukasirika. Hata akipiga simu alianza hivyo: "Habari za huko, ni Ulimi hapa." Sifa yake ilikuwa moja: hakumdanganya mtu. Ya kaka aliisifu mpaka nikaona aibu kusikiliza. Ina uchachu safi, alisema, kama chungwa lililomenywa sasa hivi, na ukishaimeza inaacha harufu ya maua. Yangu akaizunguka zunguka.

"Hii ni ya kawaida," alisema mwishowe. "Haina kosa kubwa. Imechoka kidogo. Inafaa kuchanganya."

Inafaa kuchanganya. Mtu akuambie mwanao si mbaya, ila afadhali asimame katikati ya wenzake ili asionekane, utamwelewaje? Nilishuka ngazi za pale ofisini bila kuaga.

Ya kaka ilinunuliwa kwa bei ambayo hata yeye aliomba atajiwe mara ya pili. Yangu ikaenda kulekule ilikokuwa ikienda siku zote, kwa mnunuzi wa kiganja na mfuko. Msimu wa pili ikawa vilevile. Ndipo nikaanza kumfikiria muuza miche. Huyu bwana alikuwa anapita barabara ya kwetu na gari lake dogo limejaa miche ya parachichi, anapiga honi kila nyumba, anasema kahawa imekufa, imebaki kuzikwa. Nikakubaliana naye kwa mdomo: msimu huu ukiisha na neno la Ulimi likiwa lilelile, aje, tung'oe mibuni tupande parachichi.

Mke wangu nilimwambia baada ya kukubaliana. Hilo lilikuwa kosa jingine.

"Unang'oa mibuni ya baba yako?"

"Baba hakuipanda niitazame."

"Na ile mistari ya kijitoni? Ile si ya baba yako. Niliipanda mimi, tumbo liko hapa, wewe umekaa kwenye jiwe unaniambia mstari umepinda."

"Ulikuwa umepinda kweli."

Hakunijibu. Mke wangu akinyamaza nyumba nzima hupata baridi, tusihitaji kupanda kwa kaka. Nikajua kuna kitu lazima nikifanye kabla msimu haujaisha. Mimi mwenyewe sikuwa na hamu ya kung'oa. Nilikuwa na hasira tu, na hasira ilikuwa imeshika shoka.

Nikamfuata Ulimi, siku aliyokuja kwenye mizani ya ushirika kuangalia magunia ya watu. Nilimvuta pembeni.

"Dada, huo uchachu wa kaka unatoka wapi? Mbegu ni moja, baba ni mmoja, mbolea tunanunua duka moja."

"Unatoka kwenye baridi," alisema. "Kule juu usiku ni baridi, tunda haliwezi kukimbia. Linakaa mtini muda mrefu. Punje inajaa polepole, inakuwa ngumu, sukari na uchachu vinajikusanya ndani yake. Kwako kuna joto. Tunda linakimbilia kuiva kabla punje haijajipanga."

Mtu mwingine angeuliza swali la pili. Mimi nilishukuru, nikaenda zangu mbio mbio, nikiamini nimepewa dawa. Tunda langu linakimbia sana? Vizuri. Nitalikamata njiani. Chungwa bichi ni chachu. Embe bichi ni chachu. Nyanya bichi ni chachu. Kwa nini kahawa isiwe hivyo? Nilishangaa kwamba watu wamekaa na mibuni miaka yote hii hakuna aliyeliwaza jambo rahisi namna ile.

Tangu nipate akili nimekuwa nikiwafokea wachumaji wasichume mabichi. Siku hiyo niliwafokea wachume.

"Yale yenye wekundu kidogo tu shavuni," niliwaambia. "Yakishaiva kabisa yaacheni, hayo yamenikimbia."

Mmoja wao, mama wa makamo ambaye ulimi wake haujui likizo, aliweka kikapu chini.

"Wekundu kidogo shavuni, kama bibi harusi anayeona haya?"

"Kama hivyo."

"Na yale mekundu kabisa?"

"Waachie ndege."

"Haya jamani," aliwaambia wenzake, "leo tunachuma mabibi harusi, wajane tunawaachia ndege." Walicheka mpaka jua likapanda. Niliwaacha wacheke.

Mke wangu hakucheka. Aliingiza mkono kwenye kikapu, akatoa tunda moja, akalibana kwa vidole. Tunda la kahawa likiiva ukilibana punje inaruka yenyewe, inateleza kama samaki. Lile halikutoa kitu. Akalibana kwa meno, akatema.

"Una haraka ya kwenda wapi?" aliniuliza.

"Siendi popote. Nafuata uchachu."

"Huu si uchachu. Hii ni mbichi."

"Wewe ni Ulimi?"

Aliweka tunda kikapuni taratibu, akaondoka.

Mashine nayo ilimuunga mkono. Mashine ya kumenya inataka tunda laini. Hili lilikuwa gumu kama kokoto. Ikakohoa, ikakwama, nikaikaza kidogo, ikaanza kukata punje vipande. Nikailegeza, maganda yakapita na punje zikiwa ndani. Nilikuwa nimeinama nazibua kwa kijiti, nimelowa mpaka kwenye magoti, niliposikia sauti ya kaka nyuma yangu. Alikuwa anashuka dukani.

"Unamenya nini, bwana mdogo? Mbaazi?"

"Pita salama, kaka."

Hakupita. Alichungulia ndani ya tangi, akachota mkono mmoja, akazitazama zile punje, nyingine za kijani kabisa.

"Ulimi ndiye aliyekwambia uchume hivi?"

"Ulimi aliniambia sababu. Dawa nimeitafuta mwenyewe."

"Wewe ukiumwa jino utakunywa dawa ya minyoo."

"Ni rahisi kusema. Wewe baridi inakufanyia kazi ukiwa umelala."

Niliona limempata. Alizirudisha punje ndani ya tangi, akajifuta mkono kwenye koti.

"Inanifanyia kazi," alisema. "Njoo ulale kule wiki moja tu, usikilize kifua cha shemeji yako kinavyofanya kazi. Na mimi nilipochagua juu sikuwa najua habari za chungwa wala maua. Nilichagua juu kwa sababu nyumba ya baba ilikuwa huko, na mimi ndiye mkubwa, na wewe ulikuwa unapenda barabara."

Akaenda zake dukani. Nikaendelea kuzibua mashine. Sikujua kwamba alinionea huruma siku ile ya kugawana, na kwa kweli sikufurahi kujua.

Chumba cha kuonjea kipo ghorofani, juu ya duka la matairi, kwenye mtaa wa mafundi. Chini unasikia nyundo na harufu ya mpira. Ukipanda ngazi harufu inabadilika, unakuwa kama umeingia ndani ya mkate. Kuna mashine ya kukaangia ndogo kama ya kuchezea, kuna birika, kuna meza ya mviringo na vikombe vyeupe vimepangwa pembeni mwake. Hakuna sukari. Hakuna maziwa. Kwenye vikombe hakuna jina la mtu, kuna alama tu, ili anayeonja asimpendelee mtu wala asimwonee.

Siku ya kuonjwa sampuli yangu mpya, pamoja na ya kaka ya msimu uliopita, tulisimama mimi na yeye ukutani, mikono nyuma, kama watuhumiwa.

Ulimi alimimina maji ya moto juu ya unga, akangoja, akavunja lile povu la juu kwa kijiko huku pua yake iko karibu kuzama. Kisha akaanza. Anachota kijiko, anavuta kwa nguvu, sauti kama turubai linalochanika, anazungusha mdomoni, anatema kwenye ndoo. Nyumbani kwangu mtu akinywa hivyo atakula nje na kuku. Akazunguka meza. Alipofika kikombe kimoja alisimama. Akarudia. Akanusa. Akasuuza kijiko, akarudia tena, kama mtu anayesoma barua ya habari mbaya akidhani hakuielewa.

"Hii imechumwa mbichi," alisema. "Majani matupu. Ganda la mbaazi."

Kaka aliangalia dari. Namshukuru mpaka leo kwamba aliangalia dari.

"Ya nani?" Ulimi aliuliza.

"Yangu."

"Wachumaji wamekuponyoka?"

"Hapana. Niliwaamuru."

Aliweka kijiko chini. Nikamweleza yote, chungwa bichi, embe bichi, tunda linalokimbia na mimi ninayelikamata njiani. Nilivyokuwa naeleza ndivyo nilivyosikia upumbavu wake, lakini nilikuwa nimeshaanza, nikamaliza. Hakucheka.

"Nusu ya kosa ni yangu," alisema. "Nilikuambia nusu ya habari. Tunda bichi lina ukali kwa sababu halijafika. Tunda la kwa kaka yako limechelewa, lakini limefika. Ni vitu viwili."

Nilitikisa kichwa.

"Sasa niambie," akaendelea. "Ya kwako ikiiva vizuri, ina ladha gani?"

"Wewe ndiye uliyesema ni ya kawaida."

"Niliyoletewa ilikuwa ya kawaida. Nakuuliza wewe. Ukiionja ikoje?"

Sikujua. Nimezaliwa chini ya mibuni, nimekula kwa mibuni, nimeoa kwa mibuni, na kahawa nzuri ya shamba langu haijawahi kupita kooni mwangu. Kwetu, na kwa wakulima wote ninaowajua, nzuri inakwenda sokoni. Nyumbani tunakunywa zile zinazoelea juu ya maji wakati wa kuosha, nyepesi, zilizotobolewa na wadudu. Tunazikaanga mpaka ziwe nyeusi kama mkaa, tunatia sukari ya kusimamisha kijiko, tunasema tunakunywa kahawa.

"Tunakunywa zinazoelea," nilimwambia.

"Na wewe?" alimgeukia kaka.

"Hata mimi," kaka alisema polepole. "Hata hiyo unayoisifu sijawahi kuionja."

Ulimi alitutazama, mmoja baada ya mwingine. Akachukua vijiko viwili kwenye glasi ya maji, akatukabidhi. Akatuonyesha kikombe cha kaka. Tulivuta kama yeye alivyovuta, kaka akapaliwa, nikampiga mgongoni.

Ilipotulia mdomoni mwake alifumba macho. Nilimwona. Mtu mzima, ndevu za mvi, amefumba macho mbele ya kikombe kama mtoto aliyepewa peremende. Mimi nilivuta mara ya pili ili nihakikishe.

"Hii ndiyo wanayoinunua?" niliuliza.

"Hii ndiyo."

"Mimi siipendi. Ni kahawa iliyogombana na limau."

Ulimi akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue, mpaka ikabidi ashike meza. Kaka aliudhika. "Hujui kitu kizuri wewe," aliniambia.

"Labda sijui. Lakini sitaki shamba langu litoe hii."

Nilisema hivyo kwa ubishi tu, kumkomoa. Tulipokuwa tunashuka ngazi ndipo nikagundua nimesema kweli. Misimu miwili nimekuwa nikiumia kwa sababu sina kitu ambacho, nikipewa kikombe chake, sikimalizi. Basi kama sitaki ya kwake, nataka ipi? Na muuza miche alikuwa anakuja mwisho wa msimu.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mke wangu anapepeta mchele. Nikamwambia, "Ulisema kweli." Hakuinua uso. Nikamwambia tena, kwa sauti kubwa kidogo.

"Nimesikia mara ya kwanza," alisema. "Nilitaka kuisikia mara mbili."

Bahati ilikuwa kwamba wale wajane tuliowaachia ndege, ndege hawakuwamaliza, na matunda mengi yalikuwa bado njiani. Tukasubiri. Safari hii tulichuma wenyewe, mimi na yeye, mekundu ya damu tu, yale ambayo ukiyagusa yanakuja mkononi bila kuvutwa. Mashine iliimba. Jioni tukazitia punje tangini ili ule utelezi uliozishika uchache na kuachia.

Sheria ya tangi tuliirithi kwa baba: kahawa ilale humo mara mbili, ndipo ioshwe. Hatujawahi kuivunja. Lakini asubuhi ya kwanza mke wangu alikwenda kuchota maji, akapitisha mkono tangini kwa mazoea, akaniita.

"Hizi ziko tayari."

"Bado. Hazijalala mara mbili."

"Tia mkono."

Nikatia. Punje zikiwa bado, zinateleza kama sabuni. Zikiwa tayari zinakwaruzana, krr, krr, kama changarawe kiganjani. Zilikuwa zinakwaruzana.

"Lakini sheria ya baba..."

"Baba mkwe aliitunga akiwa juu, amevaa koti," alisema mke wangu. "Wewe uko chini, umevaa singlendi."

Nilisimama pale na mkono ndani ya tangi. Kule juu maji ni baridi, kila kitu kinakwenda polepole, hata kuchacha. Huku chini ni joto. Miaka yote tangu nijenge tangi langu nimekuwa nikiziacha siku nzima zaidi, mpaka maji yanaanza kunuka siki, halafu naosha na kuanika na kusema nimefuata alivyofanya baba. Nikakumbuka Ulimi aliposema imechoka kidogo. Hata mimi ningechoka.

Tukaziosha palepale. Kuanika nako nikaangalia jua langu badala ya kukumbuka jua la juu: likipanda kichwani nazifunika, likilegea nazifunua. Nikazigeuza mwenyewe. Zilipokauka na kukobolewa, nilichota sufuria moja ya nzuri kabisa, zile za kuuza, nikaingia nazo jikoni.

Mke wangu alishika mlango. "Hizo za soko?"

"Hizo za soko."

"Umechanganyikiwa."

"Washa moto."

Tulikaanga taratibu, nikaepua zikiwa na rangi ya ngozi ya kiatu kipya.

"Bado hazijaiva," alisema.

"Ulimi huishia hapa."

Tukatwanga, tukamimina maji, tukangoja. Nikamfundisha kuvuta kwa sauti. Alikataa, akasema yeye ana malezi. Akanywa kimya kimya, mimi nikavuta kama turubai linalochanika.

Hakukuwa na chungwa. Hakukuwa na maua. Ilikuwa nzito, ilikaa juu ya ulimi kama mgeni aliyeambiwa keti. Ilikuwa na utamu ambao haukuwa wa sukari, ila wa sukari iliyoanza kuungua chini ya sufuria, na mwishoni, baada ya kumeza, karanga zilizokaangwa. Niliiweka mdomoni tena. Ilikuwa na joto, na sisemi joto la maji. Sijui nilieleze vipi. Ni ladha ya mahali ambapo mtu havai koti.

"Unalia?" mke wangu aliuliza.

"Moshi."

Alijaza kikombe chake tena. Hakutia sukari.

Kaka alipopita kushuka dukani nilimwita. Alikunywa amesimama, akafikiri.

"Haina uchachu."

"Haina."

"Ni nzito."

"Nzito."

Akakaa. Akanyoosha kikombe aongezwe. Tukanywa, mpaka yeye akaanza na yale mambo yake ya ukubwa.

"Unajua, labda baba alijua. Yangu kali, yako nzito. Ndiyo maana alizichanganya, ili moja imshike mwenzake mkono. Labda alikuwa anatufundisha kitu."

"Baba alizichanganya kwa sababu alikuwa na ghala moja," nilisema.

Alinitazama, akakunja uso, halafu akacheka mpaka kahawa ikamwagikia koti. "Ni kweli," alisema. "Kweli kabisa. Hata magunia yalikuwa hayatoshi."

Sampuli niliipeleka mwenyewe, nikaiacha mlangoni, sikutaka kusimama tena ukutani. Simu ililia nikiwa kwenye kichanja nageuza kahawa.

"Habari za huko, ni Ulimi hapa."

"Sema tu, dada. Nimeshazoea."

"Nitasema yote. Bei ya kaka yako huipati. Watu wanaotafuta ile ya juu hawataitaka hii, na ya kwako haitakuwa ya juu hata uipigie magoti. Lakini ni safi, ni tamu, ina uzito, na ina watu wake. Nataka uniletee yote uliyonayo. Na sitaichanganya na ya mtu."

Nilimwomba arudie lile la mwisho. Akarudia. Nikamwambia asante, nikakata simu, nikaendelea kugeuza kahawa ambayo nilikuwa nimeshaigeuza.

Sasa hesabu ya mtu mwenye akili ilikuwa bado upande wa muuza miche. Parachichi lingenipa zaidi, hilo silifichi. Nilikuwa nimeamua kugawana naye: mistari ya kijitoni, ambako huwa na kivuli na matunda yanachelewa kuliko kwingine, tung'oe tupande parachichi, kwingine kubaki. Nilidhani ni uamuzi wa haki. Sikumwambia mke wangu, nikingoja wakati mzuri, na wakati mzuri haukuja. Alikuja muuza miche, na honi yake, na kijembe cha kuchimbia mashimo begani.

"Haya, mkuu. Tunaanzia wapi?"

Nilimwongoza mpaka kijitoni. Mke wangu alikuwa pale, na kikapu kiunoni, anachuma matunda ya mwisho ya msimu kwenye ile mistari yake iliyopinda. Alituona sote wawili, akaona na kijembe. Aliendelea kuchuma, moja moja, mekundu ya damu tu.

Nilitazama ile mistari. Kivuli chake, ukungu mdogo unaopanda kutoka majini asubuhi, udongo mweusi kuliko wa kule barabarani. Matunda yanachelewa. Nilikuwa nimeshalisema jambo hilo mara mia kama kasoro: yanachelewa. Na msimu wote huu kila tulichochuma hapa tulikimwaga kwenye tangi moja na ya kule juani.

"Mkuu?" alisema muuza miche.

"Ngoja kwanza."

"Nangoja nini?"

"Sijaionja hii."

"Hujaonja nini? Mti?"

"Mstari."

Alimgeukia mke wangu, kama kumuuliza mzee huyu ameanza lini. Mke wangu alikuwa amesimama, tunda mkononi.

"Anataka kuujua mstari wangu kabla ya kuung'oa," alimwambia. "Ameanza majuzi tu. Tunamvumilia."

"Njoo msimu ujao," nilimwambia. "Msimu ujao nitakuwa najua."

"Na msimu ujao ukiniambia hujaonja ule mwingine?"

Nilikuwa tayari nautazama ule mwingine. Mke wangu alinunua miche miwili ya kupanda uani ili yule bwana asiondoke mikono mitupu, na mimi nikarudi nyumbani kutafuta beseni, ili matunda ya kijitoni yasiingie tangini na ya mistari mingine.